Kocha na Upondo Wake

Kaptula yake ilikuwa nyeupe, imepigwa pasi ya mkaa mpaka mikunjo inasimama yenyewe, na kwa miaka yote aliyotufundisha kuogelea sikuwahi kuiona imelowa. Nianzie hapo, maana mengine yote ya Kocha yanatoka hapo na yanarudi hapo.

Jina lake hatukulitumia. Alikuwa Kocha kwetu, Kocha kwa mkewe, Kocha kwa mafundi baiskeli wa Mabatini. Asubuhi za Jumamosi alisimama juu ya mwamba mpana ukingoni mwa ziwa, kule upande wa Igogo, filimbi shingoni, mkononi ameshika upondo, ule mti mrefu wa kusukumia mitumbwi, na kutoka pale alitutuma majini kama mtu anavyotuma watoto dukani. "Nenda mpaka kwenye mtumbwi, uzunguke, urudi. Usinirudie na hadithi." Yeye mwenyewe maji hayakuwahi kumpita vifundo vya miguu. Sisi tuliona ni utu uzima tu. Mtu na heshima zake, na kaptula nyeupe vile, ataogaje na watoto?

Upondo tuliuogopa. Tuliamini ni wa kutuchapia, ingawa hakuna aliyewahi kuchapwa nao. Mara moja moja aliunyoosha mpaka kwa mtu aliyechoka, akasema "shika," ukashika, akakuvuta taratibu mpaka mwambani. Halafu alihesabu. Weee, kuhesabu! Kila baada ya dakika mbili tatu alihesabu vichwa vyetu kwa Kisukuma, kwa sauti, imo, ibili, idatu, mpaka vitimie kumi na kimoja, na akikosa kimoja alipuliza filimbi mpaka korongo wanaruka. Kumbe ni Kulwa kapiga mbizi makusudi. Kulwa alikuwa mchezaji wetu bora wa tenisi na mwongo wetu bora pia.

Ndiyo, tenisi. Kocha alifundisha vyote viwili na hakukubali mtu achague kimoja. Waogeleaji tulipigishwa tenisi ili tujue kusimama na kukimbia. Wa tenisi walitupwa majini ili mabega yalegee. "Bega ni moja," alisema. "Hujapewa la maji na la nchi kavu." Siku za kazi alikuwa karani wa stoo kwenye shirika moja la umma, na shirika lilikuwa na klabu yenye kiwanja kimoja cha saruji, veranda iliyopakwa nta nyekundu, na wavu uliokwisha kitambo. Badala yake Kocha alifunga wavu wa kuvulia sangara uliokatika. Raketi zikikatika nyuzi tulizifunga kwa mshipi wa kuvulia. Mipira ilikuwa imenyonyoka manyoya, ikidunda inakimbia kama imefukuzwa, na ndiyo maana mpaka leo mtu aliyejifunzia pale ana miguu myepesi. Kocha alikaa kwenye kiti pembeni akipiga kelele neno lile lile: "Ludi katikati! Ukishapiga, ludi katikati!" Herufi ile ilimshinda siku zote na sisi hatukumcheka. Nusu ya Mwanza ilikuwa inamshinda vile vile.

Ilikuwa ile miaka ambayo mashirika yanauzwa na mitumba inaingia kwa marobota. Kila nyumba ilikuwa na mtu aliyepunguzwa kazi na mtu aliyeanza kuuza kitu. Nguo yangu ya kwanza ya kuogelea ilitoka kwenye robota, ya mama fulani mnene wa Ulaya huko, nadhani. Mama yangu aliipunguza kwa sindano, mabegani akaweka lastiki ya gagulo. Nikiruka majini ilijaa hewa mgongoni. Kulwa akaniita kibofu mwaka mzima, na mimi nikamtia makonzi mwaka mzima, tukawa sawa.

Mazoezi ya Kocha mtu akiyasimuliwa hawezi kuamini. Tulipanda mawe ya Mabatini kwa kukimbia huku tumebeba maji mdomoni. Funda moja, unafunga mdomo, unapanda hadi juu, unashuka, unasimama mbele yake na kutema. Usipotema, umemeza. Umemeza, unarudia. Alisema mtu akijua kupumua kwa pua akiwa amechoka, hakuna maji wala mpira utakaomtisha. Kulwa alimeza kila siku, akishuka anakwenda kwanza kwenye bomba la jirani kuchota funda jipya. Kocha alijua. Siku moja akaweka chumvi kidogo kwenye ndoo yetu, na Kulwa alipotema, Kocha akachovya kidole kwenye yale maji, akaonja, hayana chumvi. Mungu anisamehe, nilicheka mpaka nikakaa chini.

Tulivuta mipira ya tyubu za baiskeli iliyofungwa kwenye mwarobaini, mara mia kushoto, mara mia kulia. Wasichana alitubebesha ndoo kichwani, eti tayari tuna shingo za kuogelea chali, tumezipata bombani bila kujua. Chakula alitaka michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, na soda aliipiga marufuku kabisa. Yeye mwenyewe tulimfumania zaidi ya mara moja nyuma ya duka, chupa mdomoni. "Mimi siogelei mashindano," akasema, akamalizia. Na kila mtu aliyelalamika alijibiwa jibu moja: "Ng'ombe hanenepi siku ya mnada." Alikuwa mtu wa kwenye ng'ombe, huko bara kusiko na ziwa. Tulikuja kumwelewa baadaye.

Mambo ya kichocho aliyashika kuliko daktari. Hatukukanyaga kwenye matete, tulirukia mwambani penye kina, tukitoka tunajifuta haraka, na kila mwaka alitupanga mstari kwenda zahanati kupimwa. Wazazi wengi walimpenda kwa hilo tu. Mama yangu yeye hakupendezwa kwa urahisi.

Mama alitoka Majita, upande wa Mara, watu wa samaki tangu na tangu. Pale Igogo aliuza dagaa. Ziwa alilijua, na kwa sababu alilijua hakutaka nilisogelee, maana lilikuwa limewachukua kaka zake wawili. Kocha alikuja nyumbani mara tatu kuniombea ruhusa, mara ya tatu akaja na mkewe. Wakanywa chai. Mama akawaacha wamalize, ndipo akasema:

"Kocha, mimi nimezaliwa ufukweni. Wewe umezaliwa zizini. Tusitaniane. Huyu mwanangu akizama, utamfuata?"

"Nitamfuata, mama Vero."

"Sema mbele ya mkeo."

"Nitamfuata."

Mkewe akaangalia kikombe chake na hakuinua uso. Mama akamtazama Kocha, akamtazama mkewe, akatazama tena ule upondo uliosimamishwa mlangoni. Akasema haya, aende. Mimi nilishatoka nje kwa furaha, sikujali nani ametazama nini.

Basi tukafika mahali ambapo nilikuwa ninawashinda hata wavulana kutoka mwambani hadi kwenye mtumbwi na kurudi, na Kocha akapata nafasi ya kutupeleka wawili Dar kwenye mashindano ya vijana, mimi wa kuogelea na Kulwa wa tenisi. Siku mbili na zaidi kwenye treni. Nilikuwa sijawahi kuona bwawa. Tulipopita Tabora nikamuuliza, "Kocha, wanasema kuna ukuta. Ukifika ukutani unafanyaje?"

Akafikiri. Akatafuna mchembe. "Unafanya kama kwenye mtumbwi," akasema.

Treni ilichelewa, tukafika siku ile ile ya mashindano. Bwawa lilikuwa la buluu na linanuka dawa, na chini nikaona vigae, kila kigae, kama sakafu ya nyumba ya tajiri. Kila mtu alikuwa na njia yake, pembeni kamba zenye maboya. Filimbi ikalia. Jamani, niliwaacha! Niliinua kichwa kila baada ya mikono minne kutafuta alama mbele, kama tulivyofunzwa ziwani, na bado niliwaacha. Nikafika ukuta wa kwanza. Nikafanya kama kwenye mtumbwi. Nikauzunguka.

Mtumbwi unazungukwa, ukuta hauzungukwi. Nilikata kona pana, nikapita chini ya kamba, nikaingia njia ya msichana wa jirani ambaye alikuwa anakuja kwa nguvu zake zote, tukagongana vichwa, naye akaanza kulia humo humo majini. Jukwaani watu walicheka. Sauti moja ya mwanamume ikapaa juu ya zote, "Huyo anatafuta samaki!" Nikatolewa. Kocha alisimama pembeni ya bwawa na kaptula yake, mikono haijui pa kukaa, maana upondo alikuwa ameuacha Mwanza.

Tukapanda treni kurudi. Kulwa naye alikuwa ametolewa mzunguko wa kwanza, mipira yenye manyoya ilimpa tabu, ikidunda anaona imelala. Lakini Kulwa, tulipofika Dodoma alikuwa ameshasahau. Mimi nilibeba aibu yangu mpaka mwambani, Jumamosi iliyofuata, mbele ya wenzangu wote.

"Kocha," nikasema, "leo ingia wewe. Ingia utuonyeshe mtu anavyogeuka."

Hakuna aliyewahi kumwambia vile. Alimpa Kulwa upondo. Akainama, akafungua kamba za kiatu kimoja, halafu cha pili. Nikajua sasa ataingia. Akakaa chini juu ya jiwe na viatu mapajani.

"Sijui kuogelea, Vero," akasema. "Nimekusoma kitabuni tu."

Mwingine angecheka, na nadhani wawili walicheka. Mimi masikio yaliwaka moto. "Ulimwambia mama utanifuata!"

"Nilimwambia."

"Kwa nini ulimdanganya?"

"Nilitaka uje," akasema. "Na nilikuwa na upondo."

Nilikusanya nguo zangu nikaondoka. Nilimchukia, sitaki kusema uongo. Nilimwona mtu mzima aliyetutupa majini tukiwa na miaka minane, tisa, yeye amesimama pakavu na kitabu alichokisoma. Mama aliponiuliza mbona Jumamosi nipo nyumbani, nikasema tumbo. Wiki tatu tumbo. Mama akanipa majani machungu ya kunywa na hakuuliza zaidi. Kilichonitesa hakikuwa kile kicheko cha Dar. Nilikuwa nalala nawaza ahadi ile, kwamba siku zote nilizoelea mbali na mwamba nikiamini kuna mtu atakayenifuata, hakukuwa na mtu.

Wiki ya nne Kulwa akaja mbio. "Twende klabu. Kocha kaharibika."

Nikaenda kwa kutaka kuona alivyoharibika. Tulimkuta kwenye ile veranda yenye nta, amelala kifudifudi juu ya gunia la katani, kitabu chake kimefunguliwa sakafuni mbele ya pua, na nyayo zake zimekanyaga ukuta. Akahesabu, akausukuma ukuta kwa miguu, akateleza juu ya gunia mita tatu nne, mikono ameinyoosha mbele, kidevu chini. Akasimama, akaburuta gunia, akarudi, akaanza upya. Kaptula nyeupe ilikuwa nyekundu ya nta mbele yote. Alipotuona hakusimama. Alisema tu, "Vero, ukigusa hujafika. Ukigusa unakunja magoti, unageuka, unausukuma. Mimi ndiye sikujua. Lala hapa."

Nikalala. Ningefanyaje? Hasira ilikuwepo bado, lakini huwezi kumkasirikia vizuri mtu aliyepakaa nta mpaka kidevuni. Mwezi mzima tuligeukia pale veranda, waogeleaji na wa tenisi, magunia yakachanika, tukachubuka viwiko. Klabu ilipouzwa, mnunuzi akajaza kreti za soda mpaka kwenye mistari ya kiwanja, na Kocha, ambaye mwezi huo huo alipunguzwa kazi, akaenda kumwomba kitu kimoja tu: mlango wa chumba cha kubadilishia nguo. Tukaubeba kichwani hadi ziwani. Wavuvi wakatusaidia kuukaza kwa kamba kati ya mawe mawili yaliyozama nusu, umesimama wima majini. Huo ndio ulikuwa ukuta wetu. Mwaka uliofuata nilirudi Dar, nikagusa, nikageuka, nikasukuma, nikatoka wa tatu. Kocha alikaa chini akalia, kisha akaniambia bado nainua kichwa sana.

Ahadi ile hatukuitaja tena. Ila niliona upondo umeongezewa urefu. Alikuwa ameunganisha na mwingine kwa waya.

Halafu ukaja ule mwaka ambao meli ya abiria ilizama ziwani. Sitausimulia. Kila mtaa wa Mwanza uliweka msiba, na sisi tulikuwa na wetu. Nasema tu yaliyofuata pale mwambani. Watu waliokuwa wanatucheka walianza kuja na watoto wao bila kuitwa, wameshikana mikono, na Jumamosi moja nikamwona mama yangu anashuka na mdogo wangu wa mwisho. Kocha akamwendea kabla hajafika.

"Mama Vero, kabla hujaniachia huyu, kuna neno. Nilikudanganya. Sijui kuogelea. Nisingeweza kumfuata Vero."

Mama akamsogeza mdogo wangu mbele. "Najua," akasema. "Nilijua siku ile ile. Mtu anayejua maji hatembei na upondo mpaka mlangoni kwangu."

Mimi nikaropoka, "Mama! Ukaniruhusu?"

"Wajuzi wa maji nimewazika," akasema mama. "Kaka zangu walikuwa wajuzi. Huyu anaogopa. Kabla sijakuruhusu nilikuja hapa Jumamosi mbili nikajificha nyuma ya mawe, nikamsikia anahesabu. Nikasema huyu hatapoteza mtu." Kisha akamgeukia Kocha na sauti ikabadilika. "Lakini uliahidi mbele ya mkeo. Hilo bado lipo."

Kocha akasema, "Lipo, mama."

Kusema kweli nilidhani ni maneno tu ya watu wazima. Nikaenda chuo cha ualimu. Miaka ya tisini ilikuwa inaishia niliporudi na kupangiwa shule huko Kiseke, na Jumamosi yangu ya kwanza nyumbani mama akaniamsha. "Vaa nguo zako za maji. Twende."

Tulipofika, mwamba ulikuwa mtupu, upondo umelazwa juu yake na viatu viwili vimepangwa kando. Nikashtuka. Halafu nikasikia mtu anapumua, anatema, anapumua, kama sisi na maji yetu ya mdomoni. Kocha alikuwa ndani ya ziwa, maji ya kifuani, ameshika jiwe kwa mkono mmoja. Nywele zilikuwa zimejaa mvi.

"Shikamoo, Kocha."

"Marahaba. Usicheke."

"Sijacheka." Nilikuwa nalia, lakini kulia sio kucheka.

"Mama yako ananifundisha toka masika," akasema. "Mkali! Afadhali mimi." Mama akaguna, akapanda juu ya mwamba, akaokota upondo. Kocha akautazama mlango wetu wa zamani, bado umesimama kati ya mawe, umeota majani ya kijani, mikono kama kumi na miwili hivi kutoka pale alipo. Hakuna aliyempeleka huko bado. Chini ya pale hapana ardhi ya kukanyaga, nilijua, na yeye alijua.

"Tangulia," akaniambia.

"Kocha, tunaweza kungoja wiki ijayo."

"Ng'ombe hanenepi siku ya mnada, na mimi nimenenepa vya kutosha. Tangulia, Vero. Nilisema nitakufuata."

Nikaingia. Nikaogelea polepole kuliko nilivyowahi kuogelea maishani, sikugeuka nyuma, maana alitufundisha kwamba ukimtazama mtu unampa uoga wako. Nikasikia maji yanapigwa nyuma yangu, ovyo, kwa nguvu, yakanyamaza, yakapigwa tena. Nikagusa mlango. Nikageuka, nikasukuma, nikarudi nikimpita ubavuni, na yeye alikuwa bado anakuja, kidevu juu, macho ameyafumba, kaptula nyeupe imejaa hewa nyuma yake.

Na juu ya mwamba, kwa sauti, mama yangu alikuwa anahesabu vichwa: "Kimoja. Viwili." Akaanza tena. "Kimoja. Viwili."